Kiwambo cha bunduki kodi sifuri, hela ya kutuma nyumbani kodi asilimia 1: sheria moja ya Marekani, tuichambue

#1 Kibarazani

Wakuu salaam.

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alisaini ile sheria kubwa ya kodi na matumizi. Humu ndani tuliijadili kwa upande wa bima ya afya na mikopo ya wanafunzi, tukaishia hapo. Kuna vipengele viwili tulivipita, na vyote vilipangwa kuanza siku moja, 1 Januari 2026.

Cha kwanza: kodi ya dola 200 ambayo mtu alikuwa analipa akinunua kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki imekuwa dola 0. Cha pili: anayetuma hela nje ya Marekani akiwa amelipia kwa noti mkononi anakatwa asilimia 1. Ukimtumia mama dola 500 Mbeya, dola 5 inakwenda Hazina ya Marekani. Kiwambo cha bastola, sifuri.

Kabla hamjaanza kurusha mawe, hoja yangu si kwamba Wamarekani wanapenda bunduki kuliko mama zetu. Hoja yangu ni kwamba udhibiti wa silaha wa serikali yao kuu ulijengwa juu ya kodi tangu mwanzo. Mwaka 1934, baada ya miaka ya magenge ya pombe haramu na mauaji ya Chicago ya 1929, serikali ya Roosevelt ilitaka kuzibana bunduki za rashasha. Shida ilikuwa kwamba Bunge lao halina mamlaka ya jumla ya kupiga marufuku kitu kwa sababu tu ni hatari. Mamlaka hayo ni ya majimbo. Bunge lina mamlaka yaliyoorodheshwa kwenye Katiba, na mojawapo ni kutoza kodi. Mwanasheria Mkuu Homer Cummings akapita njia hiyo: hatukukatazi rashasha, ila ukiinunua utalipa dola 200 na kuisajili. Wakati huo dola 200 ilikuwa karibu sawa na bei ya rashasha yenyewe ya Thompson.

Kwa hiyo kilichojengwa kwa kodi kinabomolewa kwa mlango wa kodi. Karibuni.

#2 Debe_Tupu

Maelezo mengi, jibu fupi: wenye viwanda vya bunduki wamewanunua wabunge. Pesa inaongea, mengine mapambo. Na hiyo kodi ya kutuma hela ni kwa wageni tu, raia hawaguswi. Ubaguzi mtupu.

#3 Bi Hesabu

Debe_Tupu, nianze na mwisho. Kodi ya kutuma hela inamgusa kila mtumaji, raia na mgeni. Unachokikumbuka ni rasimu ya Baraza la Wawakilishi ya Mei 2025. Ilianza na asilimia 5, ikashuka hadi 3.5, na kweli ilikuwa inawaacha raia. Seneti ikaishusha hadi 1, ikaondoa tofauti ya uraia, na ikaibana kwenye njia ya malipo: fedha taslimu, manioda (money order) na hundi ya benki. Basi.

Sasa pesa za wenye viwanda. Zipo, sikatai. Lakini hazielezi kitu kimoja. Mwaka 2025 chama kimoja kilishika Ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Rasimu ya Baraza ilitaka kuviondoa viwambo moja kwa moja kwenye sheria ya 1934, yaani pasiwe na kodi wala usajili. Kamati ya fedha ya Seneti ikaongeza na bunduki za mtutu mfupi. Kama wabunge walishanunuliwa, mbona mzigo haukufika mzima? Kilichofika ni kodi sifuri, usajili uko palepale.

Aliyeuzuia ni mtu ambaye hajapigiwa kura na yeyote: Elizabeth MacDonough, mshauri wa kanuni wa Seneti tangu 2012.

Seneti ina viti 100, na muswada wa kawaida hauwezi kufikishwa kwenye kura ya mwisho mpaka maseneta 60 wakubali kufunga mjadala. Chama kilikuwa na 53. Kuna mlango wa pembeni unaoitwa upatanisho wa bajeti, uliowekwa na sheria ya bajeti ya 1974. Njia yake ni hii. Mabaraza yote mawili yanapitisha kwanza azimio la bajeti, ambalo linaziagiza kamati fulani ziongeze au zipunguze mapato na matumizi kwa kiasi fulani. Kamati zinaandika vipande vyake, kamati ya bajeti inavishona pamoja, mjadala Seneti una ukomo wa saa 20, halafu yanapigiwa kura marekebisho mfululizo usiku kucha, kisha wingi wa kawaida unatosha. 50 na kura ya Makamu wa Rais. Ndivyo ilivyopita: 51 kwa 50, Vance akavunja sare tarehe 1 Julai. Siku mbili baadaye Baraza likapitisha 218 kwa 214.

Ila mlango huo una kizingiti, Kanuni ya Byrd, kwa jina la seneta Robert Byrd wa West Virginia. Kifungu ambacho hakibadilishi mapato wala matumizi kinatolewa. Na kifungu ambacho athari yake kwa fedha ni ya kupita tu, huku lengo lake halisi ni sera, nacho kinatolewa. Kabla ya muswada kufika ukumbini, wataalamu wa vyama vyote viwili wanakaa mbele ya mshauri na kubishana kifungu kwa kifungu. Wenyewe wanaita kuogeshwa kwa Byrd. Kushusha kodi kutoka 200 hadi 0 ni fedha, ikapita. Kufuta daftari la usajili ni sera, ikatoka. Kukirudisha kifungu kilichotolewa kunahitaji kura 60, na ungekuwa nazo usingepita mlango wa pembeni.

#4 Mtutu

Bi Hesabu umetembea vizuri. Naongeza upande wa vyuma maana humu watu wanaongea kwa sinema.

Kwanza, kodi haikushuka kwa kila kitu cha sheria ya 1934. Imeshuka kwa viwambo, bunduki za mtutu chini ya inchi 16, shotigani za mtutu chini ya inchi 18, na lile kundi la "silaha nyinginezo", mfano bastola iliyofichwa ndani ya fimbo ya kutembelea. Rashasha na mabomu bado ni dola 200.

Pili, kiwambo hakiifanyi bunduki ikohoe "fyuu" kama mnavyoona. Kinapunguza desibeli 20 hadi 35 hivi. Bunduki ya kuwindia inayolia desibeli 160 na ushee inabaki juu ya 125, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti inapasua hewa kwa mlio wake yenyewe, ambao kiwambo hakiugusi. Kwa muuaji wa kuvizia ni msaada mdogo kuliko mnavyodhani; kwa sikio la mwindaji ni msaada mkubwa. Nchi kadhaa za kaskazini mwa Ulaya, ambazo ukali wake kwa bastola unajulikana, zinakichukulia kama kifaa cha heshima kwa majirani.

Tatu, hatua za kukipata hazijabadilika, imeondoka hela tu. Unajaza fomu namba 4 ya ATF, ile idara ya pombe, tumbaku na silaha, mara nyingi kupitia duka lenyewe. Unaambatisha seti za alama za vidole na picha ya pasipoti, unapeleka nakala kwa mkuu wa polisi wa eneo lako kwa taarifa (tangu 2016 haombwi ruhusa, anaarifiwa), FBI wanapekua rekodi, unasubiri idhini. Kiwambo kinakaa dukani mpaka karatasi irudi. Ukitaka kutengeneza au kukata mwenyewe, ni fomu namba 1, na idhini inatangulia msumeno. Ukikata kwanza umeshatenda kosa, kifungo ni hadi miaka 10.

Nne, kuna majimbo 8 ambayo kiwambo ni haramu kwa raia wa kawaida, California na New York yakiwemo. Kodi sifuri ya Washington haifungui mlango huko.

#5 Wakili_wa_Porini

Mtutu, waambie na kwa nini mtutu mfupi uko kwenye sheria hata leo. Ni mabaki. Rasimu ya 1934 ilikuwa imeweka bastola zote ndani. Sasa mjanja angeweza kukwepa kodi ya bastola kwa kununua bunduki ndefu na kuikata, ndiyo maana wakaweka kipimo cha mtutu. Kisha bastola zikatolewa kwenye rasimu baada ya kelele, kipimo kikabaki. Ni ngome ya kulinda nyumba ambayo haikujengwa. Matokeo yake bastola, silaha inayofanya mauaji mengi zaidi huko, haina usajili wa serikali kuu, na bunduki ya inchi 15.9 inayo.

#6 Mtutu

Hiyo 15.9 si utani, inaweza kukufunga. Kipimo rasmi ni hivi: bunduki ikiwa haina risasi na bolti (kipande kinachoziba nyuma ya mtutu) imefungwa, unaingiza kijiti cha mbao kupitia mdomo wa mtutu mpaka kiguse uso wa bolti, unaweka alama pale kinapotokea mdomoni, unakitoa na kukipima. Kofia ya mdomoni iliyofungwa kwa skrubu haihesabiki. Ikiwa imechomelewa, au pini imepigiliwa na kuchomelewa juu, inahesabiwa kama sehemu ya mtutu. Ndiyo maana utakuta mtu ana mtutu wa 14.5 na kofia iliyochomelewa ikamfikisha 16. Akija fundi akaikata kofia ile kubadilisha kiwambo, kwa dakika kumi hizo benchi lake lina silaha isiyosajiliwa.

#7 Debe_Tupu

Sawa, nimekubali kidogo. Lakini swali: kama msingi wa usajili ni kodi, na kodi ni sifuri, huo usajili umesimama juu ya nini?

#8 Wakili_wa_Porini

Ndugu, hilo ndilo swali lililopelekwa mahakamani. Watetezi wa bunduki wamefungua kesi Texas wakiuliza hivyohivyo. Nakupa mnyororo wake ujue uzito wa pande zote.

1937, kesi ya Sonzinsky. Muuza silaha alisema hii si kodi, ni katazo lililovaa koti la kodi. Mahakama ya Juu ikasema: inaleta mapato, basi ni kodi, hatuingii kuchungulia nia ya Bunge. Usajili ukaonekana ni chombo cha kukusanyia kodi.

2012, sheria ya bima ya afya ya Obama. Faini ya asiye na bima ilinusurika kwa hoja hiyohiyo, kwamba ni kodi. Desemba 2017 chama cha Republican kikaishusha hadi dola 0, tena kwa mlango uleule wa upatanisho wa bajeti, kwa sababu kufuta amri yenyewe kungehitaji kura 60. Majimbo yakaenda mahakamani: kodi isiyoleta senti si kodi, amri ianguke. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikawatoa kwa kura 7 kwa 2, ila kwa sababu kwamba hawakuonyesha wameumizwa na nini. Swali lenyewe halikujibiwa.

Tofauti na viwambo: asiye na bima hakuwa na adhabu tena, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Mwenye kiwambo kisichosajiliwa anafungwa miaka 10. Huyo hawezi kuambiwa hajaumia.

Upande wa serikali una majibu mawili. La kwanza, dola 200 bado ipo kwa rashasha, na waingizaji na wafanyabiashara wana kodi yao ya kila mwaka, kwa hiyo daftari bado linatumikia kodi. La pili, mamlaka ya kusimamia biashara kati ya majimbo. Hilo la pili ndilo nguzo ya sheria ya 1968 yenye leseni za maduka. Lakini lina mipaka: 1995, kesi ya Lopez, mahakama ilivunja katazo la bunduki karibu na shule kwa kusema kubeba bunduki shuleni si biashara. Na 1997, kesi ya Printz, ikasema Washington haiwezi kuwaamuru masherifu wa majimbo wapekue rekodi za wanunuzi kwa niaba yake. Leo upekuzi huo unafanywa na FBI kwa simu au kompyuta, na jimbo linashiriki likitaka.

Kwa hiyo anayesema "si wapige marufuku tu kama kwetu" ajue kwetu Bunge la Muungano linatunga sheria ya silaha kwa kalamu moja. Kule kwanza unajibu swali la umetumia kalamu ipi.

#9 Mzani

Mnaisifia dola 200 kana kwamba ilikuwa na meno. Haikuwahi kupandishwa. Ukiipiga kwa mfumuko wa bei wa miaka 90, ya 1934 leo ingekuwa zaidi ya dola 4,500. Iliyobaki 2025 ilikuwa kero ya mtu anayenunua kiwambo cha dola 800. Kodi ya kiwango kisichobadilika inaoza polepole bila mtu kupiga kura.

Mkitaka kuona sera iliyobana kweli, angalieni 1986. Katika sheria iliyokuwa inawalegezea wenye bunduki, kikapenyezwa kipengele kinachosema rashasha iliyosajiliwa baada ya 19 Mei 1986 haiuziki kwa raia. Kodi ikabaki dola 200, lakini idadi ikafungwa. Tangu hapo kila rashasha halali ya raia ni ya kabla ya siku hiyo, zinaharibika, haziongezeki, na bei zimefika makumi ya maelfu ya dola kwa kitu ambacho jeshi linanunua kwa bei ya pikipiki. Kilichofanya kazi ni uhaba. Waliokuwa nazo 1986 walipewa utajiri bure, hilo nalo halisemwi.

#10 Bi Hesabu

Mzani hapo nakuunga mkono nusu. Kodi ya asilimia haiozi. Kuna ushuru wa bidhaa wa serikali kuu kwa mtengenezaji: asilimia 10 ya bastola, 11 ya bunduki ndefu na risasi. Hauonekani kwenye risiti kwa sababu umeshaingia kwenye bei ya jumla. Fedha yake haiendi kwa polisi, kwa mfumo wa sheria ya 1937 inakwenda kwenye wanyamapori: majimbo yanagawiwa kwa ukubwa wa eneo na idadi ya leseni za uwindaji, na kwa kila robo tatu za Washington jimbo linaweka robo. Kwa hiyo watu wakikimbilia kununua risasi kwa hofu ya uchaguzi, idara za wanyamapori zinapata bajeti nono. Wahifadhi na wauza bunduki wamelala kitanda kimoja tangu siku hizo, ndiyo maana si rahisi kuufuta.

California wakaongeza wao, asilimia 11 kuanzia 1 Julai 2024, ila huo unatozwa kwa muuzaji wa rejareja. Bastola ya dola 600: 66 za jimbo, juu yake kodi ya kawaida ya mauzo, na ule wa serikali kuu umo ndani tayari. Polisi hawatozwi. Colorado walipiga kura ya wananchi 2024, wakaweka asilimia 6.5 kuanzia Aprili 2025. Fedha zinakwenda zaidi kwa wahanga wa uhalifu.

Tatizo la kodi ya namna hii mnalijua kutoka kwenye sigara: ukivuka mpaka wa jimbo unaikwepa. Kwa bastola kuna kizuizi, duka la jimbo jingine haliwezi kukukabidhi, lazima litume kwa duka lenye leseni la kwenu. Kwa risasi kuna mpaka wa Nevada, gari na buti. California ina sheria ya kuzuia kuingiza risasi kienyeji, lakini kuisimamia barabarani ni kazi.

#11 Kibarazani

Kuna nguvu nyingine hamjaigusa, ya kunyima bajeti. Mahakama inavunja sheria kwa hukumu. Bunge linaiua sheria kwa sentensi moja kwenye bajeti na sheria inabaki vitabuni kama kawaida.

Mfano. Sheria inaruhusu aliyewahi kufungwa kuomba ATF imrudishie haki ya kumiliki silaha. Tangu 1992 Bunge limekuwa likiandika kwenye bajeti ya ATF kwamba hakuna senti itakayotumika kushughulikia maombi hayo. Haki ipo, dirisha limefungwa. Miaka zaidi ya 30. Machi 2025 Wizara ya Sheria ikapata ujanja: ikaiondoa kazi hiyo ATF na kuirudisha kwa Mwanasheria Mkuu mwenyewe, kwa kuwa sentensi ya bajeti inaitaja ATF.

Mwingine wa 1996: kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliambiwa fedha zake zisitumike kutetea udhibiti wa silaha, na bajeti ikakatwa dola milioni 2.6, kiasi kilekile kilichotumika mwaka uliotangulia kwenye utafiti wa majeraha ya risasi. Maneno hayakukataza utafiti. Ile milioni 2.6 iliongea. Fedha maalumu ya utafiti huo ilirudi kwenye bajeti ya 2020, dola milioni 25.

#12 Mtutu

Kibarazani umenikumbusha Martinsburg, West Virginia, kilipo kituo cha ATF cha kufuatilia bunduki. Polisi wakiokota bunduki kwenye tukio Marekani hakuna pa kubonyeza jina la mwenyewe litoke. Sheria ya 1986 inakataza daftari la taifa la wenye bunduki, na bajeti ya ATF ina sentensi yake inayozuia kukusanya rekodi za maduka pamoja. Kinachofanyika ni hiki. Namba iliyochongwa kwenye chuma inapelekwa Martinsburg. Wanampigia mtengenezaji: uliiuza kwa nani? Anataja muuza jumla. Wanampigia muuza jumla, anataja duka. Duka linafungua kabati na kutoa fomu 4473 ya mnunuzi wa kwanza. Kama bunduki ilishauzwa mkono kwa mkono katika jimbo lisilodai karatasi, njia inaishia hapo.

Duka likifunga biashara, makaratasi yake yanapelekwa Martinsburg kwa masanduku. Yanapigwa picha, lakini programu hairuhusiwi kutafuta kwa jina. Mtumishi anafungua picha moja baada ya nyingine kwa macho, kama mtu anayetafuta namba kwenye kitabu cha simu kilichochanwa. Kosa linalorudiwa na polisi ni kuandika namba ya patenti au ya modeli badala ya namba ya bunduki, au kukosea kati ya O na sifuri. Hapo msako mzima unarudi mwanzo.

#13 Debe_Tupu

Kwa hiyo wananchi wengi wanataka upekuzi wa rekodi za mnunuzi kwa kila mauzo, na haupiti. Hiyo ndiyo demokrasia ya kutufundishia sisi?

#14 Bi Hesabu

Aprili 2013, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, hoja ya kupanua upekuzi ilipata 54 kwa 46. Imeshinda, imeanguka. Wyoming haifiki watu 600,000, California wamepita milioni 39, kila moja ina maseneta 2. Changanya hilo na kizingiti cha 60 upate jibu lako kabla hujafika kwenye pesa za mtu yeyote.

Na kizingiti hicho hakichagui chama. Februari 2021 Democrats walitaka kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kiingie kwenye ule muswada wa uviko wa trilioni 1.9. Mshauri yuleyule wa kanuni akakitoa kwa sababu ya Byrd. Kima cha serikali kuu kiko dola 7.25 tangu Julai 2009 mpaka leo. Mpishi wa Mississippi na mwenye kiwambo wa Texas wamegonga ukuta mmoja.

Muswada wa silaha uliopita Juni 2022, baada ya mauaji ya shule ya Uvalde, Texas, ulipata 65 kwa 33 kwa sababu Republicans 15 waliingia. Kwa hiyo una yale tu ambayo hao 15 walikubali: mnunuzi wa chini ya miaka 21 rekodi zake za utotoni zinaangaliwa na muda unaweza kufika siku 10 za kazi badala ya 3, na kumnunulia mtu mwingine silaha kwa jina lako likawa kosa linalojitegemea, hadi miaka 15.

#15 Jiko_la_Mkaa

Samahani wakuu, narudi kwenye hela. Dada Bi Hesabu, hiyo asilimia 1 mtu wa Minneapolis au Houston anaiepukaje kihalali?

#16 Bi Hesabu

Alipie kwa kadi ya benki iliyotolewa Marekani, au hela itoke kwenye akaunti yake ya benki ya huko. Hapo kodi hakuna. Anayekatwa ni anayekwenda dirishani na noti, au na manioda aliyonunua dukani. Haijalishi hela inafika M-Pesa, benki au mkononi. Kinachoangaliwa ni jinsi ilivyolipiwa upande wa Marekani.

Mwenye kukatwa ni mtumaji, anayekusanya ni kampuni ya kutuma, na inapeleka serikalini. Kampuni isipomkata, inadaiwa yenyewe, kwa hiyo usitegemee karani akuonee huruma. Angalia risiti: kodi iwe mstari wake, mbali na ada ya kutuma na mbali na kiwango cha kubadilisha. Na kwa kweli kwenye kiwango ndiko unakoliwa zaidi. Tofauti ya shilingi 60 kwa dola, kwenye dola 500 ni shilingi 30,000, mara mbili na zaidi ya hiyo kodi ya dola 5.

Wanaoumia ni wasio na akaunti, wa vibarua vya kulipwa taslimu.

#17 Wakili_wa_Porini

Na kwa kuwa vijana wetu wa huko wanausoma uzi huu: viza ya masomo, ya utalii au ya kazi ya muda, sheria inakukataza kushika bunduki, hata ya rafiki uwanjani. Kuna misamaha michache, unaotumika zaidi ni kuwa na leseni hai ya uwindaji ya jimbo lolote, nawe unatakiwa kuithibitisha. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye katazo hilo; kwenye fomu 4473 anaandika namba yake ya uhamiaji na kuonyesha makazi ya jimbo husika.

Swali linalowanasa wengi ni la bangi. Jimbo limeiruhusu, duka liko kona, lakini fomu inauliza kwa sheria ya serikali kuu, na kwa hiyo mtumiaji haruhusiwi. Ukiandika hapana na huku unatumia, umetoa taarifa ya uongo kwenye fomu ya shirikisho, na kwa mgeni hilo linafuatwa na afisa wa uhamiaji miaka mingi baadaye, siku ya usaili wa uraia.

#18 Mzani

Swali la mwisho kwa Bi Hesabu. Ule msamaha wa kodi ya bakshishi uliomo kwenye sheria hiyohiyo, waliojisifia nao, mbona una tarehe ya kuisha, na kodi ya kutuma hela haina?

#19 Bi Hesabu

Byrd tena. Muswada wa mlango huo hauruhusiwi kuongeza nakisi nje ya kipindi cha bajeti, ambacho kwa kawaida ni miaka 10, na kila punguzo lililo ndani ya kipindi linahesabiwa gharama. Ukilikata miaka, gharama inaonekana ndogo. Bakshishi, punguzo la hadi dola 25,000 za mapato, limewekwa 2025 hadi 2028. Kinachopunguza nakisi hakina haja ya tarehe. Ofisi ya bajeti ya Bunge lao ilikadiria sheria nzima itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 kwa miaka 10, kwa hiyo kila senti ya dirishani ilitafutwa.

Kodi ya kiwambo haikuwekewa tarehe kwa sababu mapato yake yalikuwa madogo kiasi cha kutosumbua hesabu ya mtu.

#20 Debe_Tupu

Madogo kiasi cha kutosumbua hesabu, halafu mnaniambia ni kodi. Wakili, nipe namba ya hiyo kesi ya Texas.